Tiketi ya Chama Kikubwa, Chama Kidogo au Mgombea Huru: Upite Njia Gani Kwenye Ngome ya Chama Kimoja?

Kisumu watu husema uchaguzi hufanyika Aprili, Agosti ni kwenda kutia muhuri tu. Kauli hiyo ina ukweli wa kutosha kuwaponza wengi. Mtu hupigania tiketi ya chama kikubwa hadi siku ya mchujo, anaangushwa, halafu ndipo anaanza kutafuta pa kuegemea. Wakati huo chama kidogo kimeshafunga orodha yake ya wanachama, na muda wa kuingia kama mgombea huru umebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Mpiga kura hata hajaulizwa, na yeye yuko nje.

Ulinganisho huu ni wa anayetaka kuwania kiti cha mwakilishi wadi, yaani MCA, au cha ubunge katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027, mahali ambapo chama kimoja kimezoea kubeba kila kitu. Njia ni tatu: kuingia ndani ya chama hicho na kupigania tiketi yake, kuchukua tiketi ya chama kidogo, au kusimama peke yako. Kila moja ina gharama zake, tarehe zake na mahali pake pa kukatikia.

Pima ngome kwanza

Ngome hazifanani. Kisumu ni ngome ya chama: mgombea wa ODM ameshinda ugavana mara zote tatu, Jack Ranguma 2013, kisha Anyang' Nyong'o 2017 na 2022. Nakuru ni ngome ya wimbi, na wimbi hubadilisha jina. TNA ilimpa Kinuthia Mbugua ugavana 2013, Jubilee ikampa Lee Kinyanjui 2017, UDA ikampa Susan Kihika 2022. Wote walishinda kwa chama kilichokuwa kinavuma mwaka ule, na waliowatangulia wakaenda nyumbani baada ya muhula mmoja. Magharibi ni kitu kingine tena. Mtazame Ken Lusaka wa Bungoma: 2013 alishinda ugavana kwa New Ford Kenya, 2017 akaangushwa akiwa Jubilee na Wycliffe Wangamati wa FORD-Kenya, 2022 akarudi kwa tiketi ya FORD-Kenya, na Wangamati aliyekuwa amehamia DAP-K akaanguka. Hapo anayehama vibaya ndiye huumia, hata akiwa gavana aliye madarakani.

Kwa wadi yako, usipime kwa kura za urais. Hizo zitakutisha bure. Chukua matokeo ya MCA ya 2013, 2017 na 2022, kisha uyaweke kando ya kura za urais za vituo vilevile. Ikiwa mgombea urais aliyeungwa mkono na chama kikubwa alipata kura 9,000 katika wadi na MCA wa chama hicho akapata 8,200, watu hapo hupiga suti kamili: wakianza na rais hawageuzi hadi karatasi ya mwisho. Ikiwa MCA alipata 4,800, basi kura 4,200 zilimkataa yeye huku zikikubali chama. Kipimo cha haraka: MCA akiwa chini ya sehemu 6 kati ya 10 za kura za urais, ukuta una ufa. Akiwa juu ya sehemu 8, usijidanganye kwamba umati wa bodaboda unaokufuata barabarani utageuza hesabu.

Hesabu iliyoiweka KANU, hesabu iliyoiondoa

Kabla ya kuchagua njia, fahamu kinachoweka chama kikubwa mahali pake, kwa sababu wadi hurudia yale yaliyotokea nchi nzima. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU, chama tawala, na kuunda KPU, chama hicho kilishinda viti 9 tu kati ya 29 vilivyogombewa katika uchaguzi mdogo wa mwaka ule, na 1969, baada ya vurugu na risasi za Kisumu, kikapigwa marufuku. Huo ulikuwa upinzani uliozibwa kwa nguvu za dola.

Uliofuata ulijiziba wenyewe. Kifungu cha 2A cha Katiba kilichoifanya nchi kuwa ya chama kimoja kiliondolewa Desemba 1991. Mwaka uliofuata FORD, chama cha upinzani, ikapasuka vipande viwili, FORD-Kenya ya Jaramogi na FORD-Asili ya Matiba, na Kibaki alikuwa kando na DP yake. Rais Moi wa KANU alishinda kwa takriban asilimia 36. Mwaka 1997 alishinda kwa takriban asilimia 40, wapinzani wakiwa wengi zaidi. Mwaka 2002 walisimama na mgombea mmoja chini ya NARC, Kibaki akapata takriban asilimia 62 na KANU ikaondoka baada ya miaka 39. Ukweli ni kwamba NARC haikuundwa na wapinzani pekee. Machi 2002 Raila alikuwa ameingiza NDP yake ndani ya KANU, na alipotoka miezi michache baadaye alitoka na vigogo wa KANU yenyewe. Chama kikubwa kilikatika kutoka ndani, na nje palikuwa na mahali pa kuwapokea waliotoka.

Sasa lete hesabu hiyo wadini. MCA na mbunge hawahitaji asilimia 50, anayeongoza ndiye mshindi. Wadi yenye wapiga kura 14,000, wakijitokeza asilimia 65, ni kura 9,100. Wa chama kikubwa akipata 3,700 na wapinzani wanne wakagawana 5,400 zilizobaki, ameshinda, na kesho yake watasema wadi ni ngome. Kwa hiyo swali la njia gani upite huja pamoja na swali la nani mwingine atakuwa debeni. Kaeni mezani kabla ya makaratasi kupelekwa IEBC, tume ya uchaguzi. Jina likishachapishwa kwenye karatasi ya kura halitoki hata mwenyewe akitangaza sokoni kwamba amekuachia, na patakuwa na mamia ya watu watakaoliwekea alama.

Njia ya kwanza: tiketi ya chama kikubwa

Faida yake inajulikana. Mahali pa suti, cheti cha uteuzi ni nusu ya safari au zaidi, na gharama za kampeni baada ya Aprili hushuka kwa sababu ngazi za juu za chama hulipia mikutano ambayo wewe unapanda jukwaani kusalimia tu.

Tatizo ni kwamba ushindani wote umesukumwa kwenye mchujo, na mchujo ni uchaguzi wenye refa dhaifu. Sheria ya vyama iliyorekebishwa Januari 2022 inaruhusu njia mbili: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wachague. Nje ya hizo kuna makubaliano ya wazee na tiketi ya moja kwa moja, ambayo hutolewa Nairobi. Kanuni za mchujo za kila chama hupelekwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Zitafute uzisome mapema, hasa mahali panapoeleza nani ana mamlaka ya kubadilisha njia ya mchujo na kwa notisi ya siku ngapi. Aliyejiandaa kwa kura ya wanachama 3,000 akaambiwa juma la mwisho kwamba wajumbe ndio watakaochagua, ameshindwa kabla hajaamka.

Kama ni kura ya wanachama, kazi yako kubwa ni orodha. Chama hutakiwa kutumia daftari la wanachama lililoidhinishwa na Msajili. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoangalia walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua, na wafuasi wako hawana kinga ya jambo hilo. Mwambie kila mmoja apige *509# aone yuko chama gani. Fanya hivyo angalau miezi 6 kabla, kituo baada ya kituo, na daftari lako mkononi lenye safu tatu: walio wanachama, walio chama kingine, wasio na chama. Safu ya pili wajiuzulu kwanza ndipo wajiandikishe upya. Safu ya tatu usiharakishe kuwaandikisha, sababu utaiona tukifika kwa mgombea huru.

Ada ya mchujo huwekwa na chama na hairudishwi. Lipa kwenye akaunti ya chama tu, wala usimpe mtu mkononi hata akiwa mwenyekiti wa tawi, na stakabadhi uiweke. Siku yenyewe, weka wakala kila kituo, apige picha ya karatasi ya matokeo ikiwa imetiwa sahihi kabla masanduku hayajaondoka. Michujo mingi huharibika njiani, kati ya kituo na mahali pa kujumlishia.

Ukidhulumiwa, huwezi kurukia mahakama. Anza na kamati ya rufaa ya chama, kisha Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, kisha Mahakama Kuu. Jopo litakuuliza kwanza kama ulipeleka malalamiko ndani ya chama, na usipokuwa na nakala iliyopigwa muhuri ya barua yako, kesi huishia hapo.

Na hapa ndipo mtego ulipo. Mwaka 2022 IEBC ilipanga mchujo uwe kati ya Aprili 16 na 22. Uchaguzi ulikuwa Agosti 9. Katiba, Ibara ya 85, inataka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi, kwa maana ya mwanzoni mwa Mei. Kati ya mchujo na mlango huo kufungwa palikuwa na wiki 2 na nusu hivi. Ukibaki kudai cheti mbele ya Jopo, wewe bado ni mwanachama. Ukijiuzulu ili uwe huru, umeua kesi yako mwenyewe. Wengi hubaki wakisubiri uamuzi, uamuzi hutoka Mei katikati, na wanakosa vyote viwili. Anayeingia mchujo aamue mapema, wakati kichwa bado kimetulia, kama akishindwa atakata rufaa au atatoka. Usiku wa kushindwa si wakati wa kuamua jambo hilo.

Njia ya pili: chama kidogo

Vyama vilivyosajiliwa ni zaidi ya 80, kwa hiyo tiketi hazikosekani. Kuunda chako mwenyewe kwa ajili ya wadi ni kazi isiyo na maana: usajili kamili hudai wanachama wasiopungua 1,000 waliojiandikisha kupiga kura katika kila mojawapo ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Anayefanya hivyo awe na mpango wa miaka mingi. David Ochieng wa Ugenya alikuwa nao. Alishinda ubunge 2013 kwa ODM, 2017 akasimama na chama chake cha MDG akaangushwa na mgombea wa ODM, mahakama ikafuta matokeo, na katika uchaguzi mdogo wa Aprili 5, 2019 akashinda, ndani ya Siaya, ngome ya ODM. Mwaka 2022 akashinda tena kwa MDG. Lakini alikwenda na jina lililojulikana na muhula mmoja wa kazi iliyoonekana. Chama kilimfuata yeye.

Nakuru chama kidogo hufanya kazi kwa sababu nyingine. Wimbi la UDA la 2022 lilipopita, Samuel Arama aliokoka Nakuru Mjini Magharibi na Irene Njoki akashinda Bahati, wote kwa tiketi ya Jubilee, chama ambacho kilikuwa kimetoka kuwa kikubwa. Mjini, wapiga kura ni mchanganyiko, na suti haishoneki vizuri. Sehemu za mashambani ni tofauti: Raymond Moi aliishika Rongai kwa jogoo la KANU 2013 na 2017, kisha 2022 wilbaro la UDA likampitia. Anayeishi kwa jina la ukoo na chama kilichozeeka huishi hadi wimbi la kwanza kubwa.

Magharibi ndiko chama kidogo kina soko la kweli. Trans Nzoia FORD-Kenya ilikuwa na gavana kwa mihula miwili, na 2022 George Natembeya akaichukua kwa DAP-K, chama kichanga. Malava, katika uchaguzi mdogo wa Novemba 27, 2025, mgombea wa DAP-K alishindwa na wa UDA kwa tofauti isiyofika kura 1,500, serikali nzima ikiwa imepiga kambi kijijini. Hiyo ni njia iliyo wazi.

Hata hivyo, chama kidogo kina magonjwa yake mawili, na yote hutokea juu yako bila kuulizwa. La kwanza ni kugawana maeneo. Chama kikiwa ndani ya muungano, viongozi hukubaliana chama gani kiache kiti gani. Kakamega 2022, Boni Khalwale wa UDA aliacha ugavana akamwachia Cleophas Malala wa ANC, yeye akaenda useneti. Khalwale alishinda useneti, Malala akaangushwa na Fernandes Barasa wa ODM. Kwa mtu wa ngazi ya Khalwale kuna kiti cha kubadilishana. Kwa mwaniaji wa MCA hakuna, ataambiwa tu avumilie. La pili ni chama kumezwa. ANC, iliyokuwa mti wa kivuli kwa wawaniaji wengi wa Vihiga na Kakamega, ilijivunja 2025 ikaingia UDA. Aliyekuwa ameipaka rangi gari lake alibaki na gari la rangi ya chama kisichokuwapo.

Kabla ya kuchukua tiketi ya chama kidogo uliza mambo haya, na ujibiwe kwa maandishi: Chama kimo katika muungano gani, na mkataba wake unasema nini kuhusu kusimamisha wagombea eneo lako? Kina wagombea wa ngazi za juu katika kaunti, hata dhaifu, au utakuwa peke yako kwenye karatasi zote sita? Kitaweka mawakala vituoni, au ni kazi yako? Nani hutia sahihi vyeti vya uteuzi, na je, uongozi wa chama una mgogoro kwa Msajili? Hilo la mwisho ni zito. Chama chenye makatibu wakuu wawili hutoa vyeti viwili, na IEBC haitakaa kukuamulia.

Usisahau nembo. Mpiga kura mzee hukumbuka picha kuliko jina: chungwa, wilbaro, simba, jogoo. Chama chenye nembo ya kizungumkuti isiyoelezeka kwa neno moja kitakugharimu vituo vizima.

Njia ya tatu: mgombea huru

Huyu hana mchujo, hana muungano, hana wa kumwambia aachie. Kwa MCA anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi, kwa mbunge 1,000 katika eneobunge. Wanaomuunga mkono wasiwe wanachama wa chama chochote, na hapa ndipo ile safu ya tatu ya daftari lako inapokuwa dhahabu. Kusanya 700 kwa wadi, si 500. Majina hukatwa kwa sababu za kuudhi: nambari ya kitambulisho imekosewa, mtu amejiandikisha wadi jirani ng'ambo ya barabara, au yuko kwenye orodha ya chama bila kujua. Ukifika na 510 na 30 zikakatwa, huna muda wa kurudi.

Nembo hupelekwa IEBC angalau siku 21 kabla ya kuteuliwa rasmi, na isifanane na ya chama chochote. Chagua kitu kinachotajika kwa pumzi moja na kinachopatikana nyumbani kwa watu. Aliyechukua picha ya kuvutia kwenye simu akakuta kwenye karatasi ya kura imekuwa doa jeusi amejifunza kwa gharama.

Ada ya IEBC ni ileile kwa njia zote: mwaka 2022 ilikuwa shilingi 5,000 kwa MCA na 20,000 kwa mbunge, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Je, hushinda? Nchi nzima mwaka 2022 walioingia Bunge la Taifa kama wagombea huru walikuwa 12. Kisumu kwenyewe yupo Shakeel Shabbir, aliyeshinda Kisumu Mashariki akiwa huru 2017 na tena 2022, palepale kwenye moyo wa ODM. Lakini ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Ranguma, akiwa gavana, alianguka mchujo wa ODM 2017, akasimama huru, akaangushwa. Paul Otuoma wa Busia alifanya vivyo hivyo mwaka huohuo akashindwa na Sospeter Ojaamong, na ugavana aliupata 2022 baada ya kurudi na tiketi ya ODM. Evans Kidero alijaribu Homa Bay 2022, akashindwa na Gladys Wanga. Aliyekaribia zaidi ni Oyugi Magwanga, pia Homa Bay, 2017: alishindwa na Cyprian Awiti kwa takriban kura 21,000, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu.

Ukiyasoma pamoja unaona mstari. Kadiri kiti kilivyo karibu na mtu, ndivyo suti inavyolegea. Wadi, mpiga kura anakujua wewe na ng'ombe wako. Eneobunge, anajua kazi yako. Kaunti, anajua chama. Kwa hiyo mgombea huru ni njia nzuri kwa MCA, inawezekana kwa mbunge aliye na jina, na kwa gavana ni kamari ghali.

Ukishinda kuna bei pia. Katiba inamfukuza kitini aliyechaguliwa akiwa huru kisha akajiunga na chama, kwa hiyo kwa miaka 5 unabaki ulivyo. Katika bunge la kaunti, nafasi za kamati na uongozi wa walio wengi hupangwa kwa vyama, na viti maalumu hugawiwa vyama kulingana na wadi vilivyoshinda. Wewe huongezi hata kimoja, na wenzako wanalijua hilo wanapokupa nafasi. Hazina ya Vyama vya Kisiasa nayo haikuhusu.

Siku ya kupiga kura njia hizi huachana kabisa

Hili ndilo jambo ambalo wawaniaji wengi hulijua baada ya kuliumia. Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 30, inakipa chama wakala mmoja kwa kila kituo kwa wagombea wake wote. Mmoja. Huyo anamwangalia rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na wewe, na anayemlipa ndiye anayemwangalia kwanza. Kura za MCA huhesabiwa mwisho, saa za usiku mkubwa, wakala wa chama ameshasinzia au ameondoka na fomu za urais. Mgombea huru huteua wakala wake mwenyewe anayekaa kwa ajili ya karatasi moja tu. Anayebeba tiketi ya chama kidogo yuko katikati: chama kisipoteua wakala, mgombea anaweza kuteua wake, kwa hiyo uliza mapema na upate jibu.

Piga hesabu. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Wadi ya watu 14,000 ina vituo 20 kwa uchache, na kwa kuwa vijijini vituo ni vidogo, tuseme 28. Ongeza mawakala 4 wa akiba, wawe 32. Ukimlipa kila mmoja 1,500 na chakula cha 300 ni shilingi 57,600. Hiyo pesa iwe imetengwa kando tangu Juni, isiguswe na mabango. Mwaniaji aliyemaliza fedha kwenye fulana na kofia, akaacha vituo 9 bila mtu, amenunua nguo za kuvaa siku ya kulalamika.

Kila wakala awe na barua, kiapo cha usiri, simu yenye chaji na betri ya akiba, na maagizo mawili: usitoke kabla ya kupewa nakala ya Fomu 36A, ambayo ni ya matokeo ya MCA kituoni, na ikiwa ni ubunge 35A, na hakikisha idadi ya kura zilizopigwa hailingani kwa bahati tu bali imejumlishwa mbele yako. Mwaka 2022 tovuti ya matokeo iliwekewa Fomu 34A za urais kwa kila mtu kuona. Kwa MCA, nakala iliyo mfukoni mwa wakala wako ndiyo ushahidi utakaokuwa nao. Bila hizo, kesi ya kupinga matokeo, inayopaswa kufunguliwa ndani ya siku 28 kwa dhamana ya shilingi 100,000 kwa MCA au 500,000 kwa mbunge, ni kutupa pesa juu ya pesa.

Kwa hiyo, wewe uko wapi?

Kisumu, Siaya na Homa Bay: ikiwa wadi yako ni ya suti, hakuna njia isipokuwa mchujo, na nguvu zako zote ziende kwenye orodha ya wanachama. Ikiwa ina ufa, mgombea huru ni bora kuliko chama kidogo kwa kiti cha MCA, kwa sababu ya wakala na kwa sababu bado unaweza kusema hadharani kwamba unaunga mkono chama kile kile juu. Zamani aliyechukua chama kingine huko aliitwa mradi wa serikali na mazungumzo yakaishia hapo. Tangu ODM ilipotia sahihi makubaliano na UDA Machi 2025, tusi hilo limepoteza meno. Wapo waliodhani kifo cha Raila Oktoba 2025 kingefungua ngome papo hapo, lakini Novemba hiyohiyo ODM ilibeba viti vya Kasipul na Ugunja. Ila angalia jambo moja: vyama viwili vikubwa vikikubaliana kuachiana viti 2027, tiketi ya moja kwa moja itakuwa nyingi, na wadi yenye ufa itakuwa na wapinzani wengi waliokasirika kwa pamoja. Hao ndio wa kuketi nao mezani.

Nakuru: usijifunge mapema. Kama uko mjini, chama kidogo chenye mgombea ugavana anayesikika kinatosha. Mashambani, subiri uone wimbi linaelekea wapi, lakini usisubiri kupita Februari, maana orodha za wanachama hufungwa kabla ya mchujo na sheria haikuruhusu kuanguka mchujo wa chama kimoja ukaibukia tiketi ya kingine.

Kakamega, Bungoma, Vihiga, Busia na Trans Nzoia: chama kidogo kwanza, baada ya kuuliza kuhusu muungano. Mgombea huru awe mpango wa pili, ukiwa na sahihi 700 sandukuni tangu Machi. Ila kumbuka: ukijiandikisha chama kidogo, toka kwa barua kabla ya Mei ikiwa unataka kutumia sahihi hizo.

Walimu, machifu na watumishi wengine wa umma, kwenu hesabu huanza mapema zaidi. Mnatakiwa kuwa mmejiuzulu kazi miezi 6 kabla, kwa 2027 ni kufikia Februari 10, kabla hata ya kujua mchujo utafanywa kwa njia gani. Mwalimu asiyekuwa na akiba ya miezi 6 ya karo na chakula afikirie njia ya mgombea huru kwa makini, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna wa kumwambia Aprili kwamba nafasi imeshapewa mwingine.

Na barua ya kujiuzulu chama iandikwe nakala tatu: ya chama, ya Msajili, na yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ukiwa na tarehe inayosomeka. Baada ya wiki moja piga tena *509# uone kama jina limetoka.